Mzee wa Mjini Atalala Wapi?

Mzee mmoja wa Kisumu, ambaye umri wake umepita miaka 75, aliamka asubuhi moja akakuta mlango wake umeandikwa nambari kwa rangi nyekundu. Hakuwasikia walioiandika, maana masikio yake hayana tena nguvu za zamani. Akasimama nje na fimbo yake, akaitazama nambari ile, kisha akautazama mlango wa jirani, akaona nao una nambari yake, na wa tatu vile vile, na wa nne, hata mwisho wa mstari.

Jirani yake, mama mjane auzaye omena katika soko la Jubilee, alikuwa amekwisha kuwasha jiko. "Oyawore, jaduong'," akamsalimu kama amsalimuvyo kila siku. Mzee akaitikia, lakini siku ile hakumwuliza habari za omena.

"Mama, rangi hii inasemaje?"

"Inasema tutaondoka," mama akajibu.

Barua ikaja baada ya siku chache. Iliandikwa kwa adabu, wala haikuwa na neno la ukali. Ilieleza kwamba nyumba zile ni kuukuu, kwamba ardhi ya katikati ya mji haifai kukaliwa na nyumba za chini tupu, na kwamba zitajengwa nyumba za ghorofa zenye maji na umeme. Tena ikasema kwamba wapangaji wa sasa watafikiriwa kwanza katika kuzinunua zile mpya. Mjukuu wa mzee, aliye bado shuleni, ndiye aliyeisoma. Alipomaliza, mzee akamwomba arudie neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "kununua."

Mzee huyu hakupata kununua nyumba mjini, wala hakuna mtu aliyemwambia kwamba yampasa kununua. Alikuja Kisumu akiwa kijana, akapata kazi ya bandari wakati reli na meli za ziwani zilipokuwa mali ya nchi tatu za Afrika ya Mashariki pamoja. Ushirika ule ulipovunjika mwaka wa 1977, kazi za bandari zikapungua. Yeye akahamia kiwanda cha nguo cha KICOMI, akakaa huko hata kiwanda nacho kikafungwa katika miaka ya 1990. Muda wote huo alikuwa mpangaji. Alilea watoto watano katika vyumba viwili, na kodi aliilipa kila mwezi, isipokuwa miezi ile michache baada ya kiwanda kufungwa, ambayo aliilipa baadaye polepole hata ikaisha. Stakabadhi zote anazo ndani ya kopo la majani ya chai.

Ili kufahamu kwa nini watu kama huyu ni wengi katika Kisumu, yafaa kukumbuka jinsi mji ulivyoanza. Reli ilifika ziwani mwezi wa Disemba mwaka wa 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na watu waliokuja kufanya kazi wakalazwa na wale waliowaajiri. Nyumba ilifuata kazi. Mwenye kazi ya reli alikaa katika nyumba ya reli, na kazi ilipokwisha, chumba pia kilikwisha. Serikali ya wakati ule ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia: kijana asiye na mke, atakayekaa miaka michache, kisha arudi kwao kuzeeka. Kwa hiyo vyumba vilijengwa vya kutosha kitanda, wala hakuna aliyejenga chumba akiwaza kwamba mtu atazeeka ndani yake. Tume ya Kifalme iliyochunguza mambo ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka wa 1953 hata 1955 ilisema kwamba fikira hiyo haifai tena, na kwamba wafanya kazi wa mijini yawapasa kuweza kukaa na jamaa zao. Kidogo kidogo nyumba za watu wenye jamaa zikajengwa, na baada ya Uhuru Manispaa ikaendelea kupangisha.

Ndiyo asili ya mitaa ambayo kila mtu wa Kisumu anaijua: Ondiek, Makasembo, Lumumba, Ofafa, Argwings Kodhek na mingineyo. Mtu akitembea huko husoma historia hata bila kitabu. Lumumba ni Waziri Mkuu wa Kongo aliyeuawa mwaka wa 1961. Ofafa ni Bwana Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union aliyepigwa risasi Nairobi mwaka wa 1953. Argwings Kodhek ni yule mwanasheria aliyekufa mwaka wa 1969. Nyumba zenyewe zilikuwa za kawaida tu, na ziliposahauliwa na mafundi zikawa mbaya. Mabati yalitoboka, mifereji ikaziba, kuta zikafanya nyufa. Hilo si neno la kuficha. Atakayesema kwamba nyumba zile ziachwe zilivyo, amwulize kwanza mama anayetandaza mabeseni sakafuni mvua inaponyesha.

Katika mtaa wa Makasembo nyumba za zamani zimekwisha kubomolewa, baada ya Serikali ya Kaunti kupatana na LAPFUND, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanya kazi wa serikali za mitaa, kujenga mpya. Mitaa mingine ya zamani nayo imetajwa katika mipango ya namna hiyo. Kujenga upya ni jambo jema. Swali ni moja tu: vyumba vya kupanga kwa kodi ndogo vinapoondoka, na mahali pake pakaja nyumba za kuuzwa, ni nani aliyehesabu vyumba vilivyopotea?

Mwana mkubwa wa mzee, akaaye Nairobi, alipopata habari alipiga simu siku ile ile. "Baba," akasema, "hilo si la kukusumbua. Rudi dala." Watu wengi husema hivyo, na wengi wao husema kwa mapenzi. Mjaluo hahesabu nyumba ya kupanga kuwa kwake. Kwake ni dala, pale alipokwenda alfajiri na jogoo na shoka na mwanawe wa kiume, akasimamisha boma lake mwenyewe. Mzee huyu alitimiza hayo yote. Dala yake iko katika tambarare za Kano, nyumba ya mabati aliyoijenga kwa akiba yake ya NSSF, maana mfuko huo, ulioanzishwa mwaka wa 1965, ulikuwa ukimpa mtu haki yake yote mara moja, kisha basi. Fedha zikatoka mkononi kwa karo na kwa mabati, na baada ya mwaka hapakubaki kitu. Mke wake amezikwa huko.

Lakini mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipanda kufika kipimo kisichoonekana tangu mwaka wa 1964, na mito ya Kano ikafurika mashambani. Maji yakaingia katika nyumba ya mzee hata dirishani. Kuta za udongo zikalainika, na upande mmoja ukaanguka. Haukujengwa tena. Zaidi ya hayo, mzee ana maradhi ya sukari na ya damu kupanda. Kila mwezi huenda kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani, katika hospitali ile kubwa ambayo jina lake la siku hizi ni la Jaramogi Oginga Odinga, na ambayo watu wa Kisumu wanaiita Russia hata leo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Akiwa Kano, safari hiyo itataka bodaboda, kisha matatu, kisha bodaboda tena, kwenda na kurudi.

"Dala nitakwenda," mzee alimjibu mwanawe, "tena nitakwenda nikiwa nimelala ndani ya sanduku. Haraka ya nini?"

Na mzee ni afadhali, kwa kuwa ana dala ya kukataa. Mama mjane wa mlango wa pili hana. Mume wake alipokufa, ndugu za mume walitaka mmoja wao amrithi kwa desturi. Yeye hakutaka, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia shamba. Akafunga vitu vyake akaja mjini, na sasa ni zaidi ya miaka 30. Kumwambia mama kama huyu "rudi kwenu" ni kumtuma mahali pasipokuwapo. Wako pia wazee wa Kaloleni, Wanubi na Waislamu wengine, ambao baba zao na babu zao walizaliwa na kuzikwa hapa hapa Kisumu. Kwao mji ndio nyumbani, wala hawana pengine.

Tuje katika hesabu, maana ndipo jambo lote lilipo. Tangu mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya humpa kila mzee aliyeandikishwa, mwenye miaka 70 na zaidi, Sh. 2,000/- kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Ni msaada wa kushukuriwa, ingawa mara nyingine huchelewa. Kwa Sh. 2,000/- mtu aweza kulipa kodi ya Manispaa ya zamani na kupata unga kidogo, kama watoto watamwongezea. Hawezi kulipa kodi ya chumba kizuri kwa mwenye nyumba wa kawaida, achilia mbali kununua. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 inawatambua wenye kipato kisichofika Sh. 20,000/- kwa mwezi, na kuwatengea nyumba za fungu lao. Walakini njia kubwa ya mpango huo ni kununua polepole: mtu hutoa malipo ya kwanza, kisha hulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Kijana wa miaka 30 mwenye kazi atafurahi. Mzee wa miaka 76 akiambiwa alipe kwa miaka ishirini na zaidi, hajui acheke au alie. Hata akipewa nyumba hiyo kwa upendeleo, jambo la kwanza atakalofanya ni kumwuzia au kumpangisha mwenye fedha, naye ahamie kibandani Obunga. Tena haifai kumlaumu kwa hilo, maana ndiyo hesabu iliyowekwa mbele yake.

Wengine watauliza, je, hakuna sheria ya kuzuia kodi? Iko, tena ni ya tangu mwaka wa 1959: Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Ina baraza lake la kusikiliza mashauri, na mwenye nyumba iliyo chini yake hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa kupenda tu. Lakini sheria hiyo huhusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi Sh. 2,500/- kwa mwezi, na kodi hiyo hupimwa kwa ile iliyotozwa tarehe 1 Januari mwaka wa 1981. Siku zile Sh. 2,500/- zilikuwa mara kadhaa ya mshahara wa kibarua, kwa hiyo karibu kila maskini aliingia chini ya mwavuli. Shilingi imeanguka tangu hapo, mwavuli ukabaki pale pale, na watu wengi sasa wananyeshewa. Kipimo hicho kingepaswa kubadilishwa zamani. Hata hivyo yapasa kwenda kwa uangalifu, kwa kuwa katika Manyatta na Nyalenda wenye vyumba vya kupangisha wengine ni bibi vizee, waliojenga vyumba vinne vya udongo na saruji katika kiwanja cha urithi, nao hula kwa kodi hizo. Bibi kama huyo si tajiri wa kunyonya watu. Ni mzee anayemlaza mzee mwenzake.

Katiba ya mwaka wa 2010 nayo ina maneno mazuri. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makao yafaayo, na Ibara ya 57 inataka wazee, yaani wenye miaka 60 na zaidi, waishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Maneno hayo yalipimwa mapema mno katika Nairobi, kwenye mtaa wa Muthurwa. Nyumba za Muthurwa zilikuwa za reli, kisha zikawekwa chini ya mfuko wa malipo ya uzeeni ya wafanya kazi wa reli. Mwaka wa 2010 wapangaji wakaambiwa watoke, na ubomoaji ukaanza watu wangali ndani. Wakaenda mbele ya sheria, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya makao imevunjwa. Jambo la kutia fikira ni kwamba mwenye nyumba katika shauri lile hakuwa mchuuzi wa viwanja. Ulikuwa mfuko unaotafuta fedha za kuwalipa wastaafu. Wazee walikuwa pande zote mbili. Mtu akitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo gumu, asiende mbali na Muthurwa.

Basi lifanyike nini? Waislamu wa Kaloleni wanalijua neno moja ambalo lingefaa kusikiwa na wapima ramani: wakfu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, watu wenye mali waliweka nyumba zao wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Tangu mwaka wa 1905 Serikali ya huko iliweka watu maalumu wa kuzisimamia, na maskini wengi wakapata kulala humo kwa kodi ndogo mno. Uzuri wake ni kwamba chumba hakikuweza kumponyoka maskini na kumwendea tajiri, hata kikipendeza namna gani. Ubaya wake, nao ni sawa na ule wa Kisumu, ni kwamba kodi ndogo haikutosha chokaa wala boriti, na nyumba nyingine zikaanguka. Kodi nafuu si kitu cha bure. Lazima awepo mtu mwingine wa kulipa fundi.

Na hapo ndipo ghorofa mpya zinapoweza kuwa rafiki za wazee badala ya adui. Ardhi ni ya umma. Juu ya kiwanja kilichobeba milango kumi sasa itasimama milango mia. Zile za kuuzwa zaweza kuzibeba chache za kupangwa, na fedha zake kulipa fundi wa zote. Vyumba hivyo vya kupangwa viandikwe katika hati ya kiwanja kwamba havitauzwa kamwe, si mwaka huu wala baada ya uchaguzi ujao. Viwe chini kabisa, maana lifti ikiharibika mzee wa ghorofa ya sita ni mfungwa. Tena wapewe wazee wenyewe, si mtu mwenye mshahara mnono aliyeandikisha jina la mama yake. Mchezo huo haukuanza jana: katika miji mingi nyumba za halmashauri zilishikwa na wenye cheo, wakazipangisha kwa faida, ilhali waliokusudiwa wakikaa vibandani.

Liko na jambo lisiloandikwa katika hati yo yote. Kila alfajiri mama mjane hugonga ukuta wa mzee mara mbili kwa mwiko, na mzee hugonga mara mbili kwa fimbo. Siku moja, miaka mitatu iliyopita, mzee hakugonga. Mama akamwita kijana wa mlango wa nne, wakasukuma mlango, wakamkuta sakafuni, sukari imeshuka, jasho limemlowesha. Wakamfikisha Russia kwa bodaboda, mzee katikati na kijana nyuma amemshika. Wazee hawa wakitawanywa, mmoja Nyalenda na mwingine Kano, kila mmoja aweza kupata paa, lakini ukuta wa kugonga hataupata.

Mkutano uliitishwa siku ya Jumamosi chini ya mwembe ulio mwisho wa mtaa. Alikuja bwana mmoja kijana mwenye ramani ndefu ya rangi, akaeleza kwa upole, naye alionekana mtu mwema. Akaonyesha mahali pa magari, mahali pa watoto kuchezea, na maduka. Watu wakauliza habari za tarehe, na za fedha za kuhamia. Mama mjane akakaa kimya hata karibu na mwisho, kisha akainuka, mkono mmoja kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "nimeona nyumba za kununua, nimeona na za magari. Za kupanga ziko wapi?"

Yule bwana akatazama ramani yake kitambo kidogo. Akasema kwamba swali hilo ni zuri, na kwamba atalipeleka kwa wakubwa wake. Akatoa kalamu akaandika katika daftari.

Hapo mzee, aliyekuwa ameketi mbele juu ya kiti cha shule kwa sababu ya masikio yake, akainua fimbo. "Bwana," akasema, "tusomee ulivyoandika."

Akasoma. Mzee akatikisa kichwa, akasema neno "wazee" limeachwa. Akaomba liongezwe, na tarehe ya siku ile iwekwe juu yake, na jina la mtaa. Kisha akamwita mjukuu wake aje anakili maneno yale yale katika daftari lake la shule, naye bwana wa ramani akangoja, kifuniko cha kalamu mkononi, mpaka mtoto akamaliza.